Kamba ya Mwisho ya Tamaris

"Usigeuke," nilimwambia. "Ukigeuka pini itakuingia, na damu ikidondokea kitambaa hiki cha bibi yako, mimi na wewe tutakosana mpaka Krismasi."

Flavie hakugeuka. Binti yangu alisimama katikati ya chumba, mikono ameitanua kidogo, nami nilikuwa nyuma yake na pini mdomoni, nakikunja kitambaa cheupe mabegani pake, kunjo juu ya kunjo. Vazi la jadi la mji wetu wa Arles halina kifungo hata kimoja. Linashikwa na pini, na subira ya anayevaa, na ukali wa anayevalisha. Na huyu hakuwa mvaaji wa hivi hivi. Alikuwa Malkia wa mji, msichana anayechaguliwa kwa miaka mitatu kubeba mila zetu, na katika miaka hiyo malkia haolewi. Alikuwa amebakiza miezi kumi.

"Mama, amekuja?"

"Nani?"

"Mama, bwana!"

"Sijasikia mtu. Simama wima."

Nilimjua vizuri aliyeuliziwa. Ni Nadir Belkhir, mwana wa mzee Belkhir anayelima mpunga huko mabondeni. Nadir ni mcheza ng'ombe. Mchana ule angeingia uwanjani pamoja na wenzake, wamevaa nyeupe juu mpaka chini, kulabu ya chuma yenye meno mkononi, kunyakua utepe, mashada na kamba zinazofungwa kwenye pembe za mafahali. Kwetu fahali hauawi. Anakimbizana na vijana kwa robo saa, halafu anarudi nyumbani kula majani. Na fahali wa mwisho siku ile, aliyeandikwa kwenye mabango kwa herufi kubwa kuliko jina la mwanadamu yeyote, alikuwa Tamaris. Tamaris wetu, wa mume wangu.

Sasa ngojeni niwaambie ya Jumamosi, maana bila hayo hamtaielewa asubuhi ile. Mume wangu Baptistin alikuwa mkahawani na wazee wenzake, wanabishana kuhusu ng'ombe kama walivyofanya tangu wana nywele. Mmoja wao, mdomo wake hauna mlango, akasema: "Baptistin, huyo kijana wa Belkhir Jumatatu atamvua fahali wako kamba, halafu atakuvua na binti." Mkahawa mzima ukacheka. Mume wangu hakucheka. Aliweka glasi mezani akasema, "Siku atakayoichukua kamba ya mwisho ya Tamaris, asikanyage mlangoni kwangu. Si kwa ng'ombe, si kwa binti." Kabla sijamaliza kumenya vitunguu nyumbani, simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe wa majirani wakinipa pole.

Kumbe Baptistin alikuwa anajua habari za Flavie na Nadir! Na mimi nilidhani tumeficha vizuri.

"Mama, unanibana."

"Ndivyo linavyovaliwa. Pumua juu juu."

Chini mlango ukalia. Ngazi zikalia. Nikajua ni yeye kwa jinsi alivyokuwa anaruka ngazi mbili mbili.

"Hodi, Bi Odile."

"Wewe! Nani kakwambia uje leo? Mcheza ng'ombe haendi kumtazama mwanamke kabla ya uwanja. Mama yako hajakufundisha?"

"Kanifundisha kumsalimia mwenye nyumba kwanza. Umeamkaje?"

"Nimeamka na mume mkali na binti anayetoa machozi kila nikimpaka poda. Simama hapo hapo mlangoni. Usisogee."

Akasimama pale pale, begi lake begani. Flavie hakuweza kugeuka, kwa hiyo walitazamana kwenye kioo. Jamani, hayo macho! Mimi nilijifanya nahesabu pini. Binti yangu ana macho ya baba yake, meusi, yasiyojua kusema uongo, na yule kijana aliyatazama kama mtu aliyetembea na kiu akaona mtungi umefungwa kifuniko.

"Umesikia aliyosema baba," Flavie akakiambia kioo.

"Nani hajasikia? Hata muuza zeituni kanisomea ujumbe."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Utafanyaje?"

"Nitafanya kazi yangu, Flavie."

"Usinijibu hivyo."

"Ulitaka nijibuje?"

Nilihisi mabega yake yanapanda chini ya vidole vyangu. Nikayashusha.

"Iache," akasema. "Kamba moja tu, Nadir. Utepe chukua, mashada chukua, kamba ya kwanza chukua. Hiyo ya mwisho mwachie arudi nayo nyumbani. Ni mzee, leo ndiyo siku yake ya mwisho uwanjani. Baba alimlea kwa chupa, mama yake alikufa yeye akiwa na siku chache tu. Iache."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua."

"Hujui. Unaniomba nimdanganye fahali."

"Fahali hatajua!"

"Fahali ndiye wa kwanza kujua," Nadir akasema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Miaka minne nacheza naye. Tangu siku ya kwanza hajanipa kitu cha bure. Alinivunja mbavu pale uwanja wa Châteaurenard, unakumbuka? Ulilia kwenye simu. Mimi sikumchukia, maana alikuwa anafanya kazi yake kwa kweli na mimi yangu kwa kweli. Sasa siku ya kuagana nimfanyie mchezo wa watoto?"

"Kwa hiyo kamba ni bora kuliko mimi."

"Flavie."

"Sema tu, nisikie."

"Miaka miwili," akasema, na sasa sauti ilikuwa inamtoka kwa shida, "miaka miwili nakupita barabarani nakusalimia kama mtalii. Unasimama kwenye jukwaa, watu wanapiga picha na wewe, wageni wa Paris wanakushika bega, mimi nasimama nyuma ya wanaouza aiskrimu. Nimekubali. Sijawahi kukuambia acha, vua utepe wa umalkia tuondoke. Nimekuambia?"

"Hujaniambia."

"Basi na wewe usiniambie niache kazi yangu."

"Sijasema uache! Nimesema kamba moja!" Machozi yakaanza, na poda yangu ikaanza kusafiri nayo. "Unamjua baba. Hakusema na kaka yake mpaka tulipomzika. Mwezi wa tano nikivua utepe wa umalkia, nataka uje kwa mlango wa mbele, na koti lako, na mama yako, na keki mkononi. Nimeuota huo mlango, Nadir. Ukiichukua hiyo kamba, ataufunga. Atakufa ameufunga. Unataka nichague kati yenu? Niambie, maana mimi siwezi!"

"Jamani," nikasema, "nina pini mdomoni. Msinilize."

Hawakunisikia. Nadir alikuwa amevuka kizingiti cha chumba. Alinyoosha mkono, ukafika karibu na bega la Flavie, ukaishia hewani. Vazi lilikuwa limekwisha kufungwa. Na anayejua mambo yetu anajua: ukishamaliza kulivaa, mwili si wako tena, ni wa mji. Hukimbii. Huli njiani. Huvai miwani ya jua hata macho yakikuunguza. Na hukumbatiwi na mwanamume, awe nani awe nani.

"Nakuomba," Flavie akasema.

Nadir aliutazama mkono wake mwenyewe, akaurudisha mfukoni.

"Leo umependeza," akasema. Akashuka ngazi, moja moja safari hii.

Flavie akakaa ili nimfunge ule utepe wa umalkia, wa mahameli, kwenye fundo la nywele. Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu siwezi kunyamaza, nimeumbwa hivyo.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, mwanangu. Ukitaka kuwakalisha, usimkate mmoja pembe."

"Mama, tafadhali."

"Haya. Nimenyamaza."

Jikoni nilikuwa nimeacha sufuria mbili motoni tangu alfajiri. Kubwa ya nyama ya ng'ombe iliyolala usiku kucha kwenye divai nyekundu, kama inavyopikwa kwetu. Na ndogo, jiko la nyuma, nyama ile ile, zeituni zile zile, divai hakuna tone. Asubuhi Baptistin alikuwa ameifunua.

"Na hii?"

"Yangu. Tumbo langu siku hizi halitaki divai."

"Tumbo lako," akasema. Akaifunika, akaenda kwa ng'ombe wake.

*

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu kabisa kwenye matao, kule mawe waliyoyajenga Warumi wa kale yanapochoma makalio kuliko jiko. Nilikuwa nimekuja na mto wangu wa kukalia, kama kila mwenye akili. Wageni hawakuwa nayo mito, walikuwa wanakalia ramani na kupiga picha kila kinachopita. Chini kwenye viti vya heshima alikaa Flavie na wasichana wake, miavuli midogo wazi, migongo imenyooka. Kutoka juu nilipokaa usingedhani huyo ni mtu aliyelia asubuhi.

Baptistin alikuja kukaa nami baada ya kumshusha Tamaris kwenye lori. Alikuwa amevaa shati lake lenye maua madogo na kofia nyeusi. Alinuka ng'ombe na sabuni.

"Yukoje?" nikamuuliza.

"Ametulia. Amekula."

"Na wewe?"

"Si mimi ninayecheza."

Mafahali watano wa kwanza walipita. Nadir alikuwa anacheza kama mtu mwenye deni na miguu yake. Akanyakua utepe huku, shada kule, kipaza sauti kinataja jina lake, watu wanapiga kelele. Yeye na kijana mmoja wa mji wa Beaucaire walikuwa wanafukuzana kwa pointi mchana kutwa. Kila alipoitwa nilimtazama Baptistin pembeni. Alikuwa anatafuna njiti.

"Anajitahidi," nikasema.

"Nani?"

"Unajua nani."

"Ana mguu wa kushoto mzuri," akasema. "Baba yake pia alitembea vizuri."

Halafu tarumbeta, na mlango wa giza ukafunguka, na Tamaris akatoka.

Hakukimbia. Mafahali wachanga wanatoka wanakimbia. Yeye alitembea mpaka katikati ya mchanga, akasimama, akaangalia watu. Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi kabla hajafanya lolote. Mzee wa miaka kumi na minne, pembe zake zimesimama kama mikono ya mtu anayeomba dua. Mume wangu aliivua kofia akaiweka gotini.

Utepe ulichukua dakika nyingi kutoka. Mashada yakatoka. Kamba ya kwanza ikachukuliwa na yule wa Beaucaire, na kwa hiyo akawa mbele ya Nadir. Ikabaki kamba moja, kwenye pembe ya kushoto. Kipaza sauti kikatangaza kwamba dakika ya mwisho imeanza, na kwamba kamba ile ndiyo itakayoamua nani ataondoka na kombe.

Wenzake wote walikuwa wameishiwa pumzi. Nadir alibaki peke yake mchangani. Alimwita kwa sauti, "Haya, mzee! Haya!" Tamaris akainua kichwa.

Nilishika mkono wa Baptistin. Hakuutoa.

Nadir alikimbia kwa kupinda, kama tao. Fahali akamkata njia. Wakakutana, na kwa muda mfupi sana walikimbia bega kwa bega kama watu wanaokwenda mahali pamoja, mkono wa kijana juu ya paji la fahali, kulabu kwenye kamba. Nikasikia watu wote wamevuta pumzi. Halafu Nadir akaruka, akapita juu ya ubao, akaning'inia kwenye ukuta, na pembe za Tamaris zikagonga mbao mpaka vumbi likaruka.

Nadir akaufungua mkono. Kamba hakuna.

"Aaaah!" uwanja wote ukalia. Tarumbeta ikalia. Muda umekwisha. Na hapo muziki ukaanza, ule unaopigiwa fahali anayerudi nyumbani na kamba yake. Watu wakasimama, wanawake wanapunga leso, wazee wanalia waziwazi. Tamaris akatembea kuelekea mlango wake, kamba yake kwenye pembe, hajanyang'anywa.

"Simama, mume wangu," nikamwambia, nami machozi yananitoka. "Simama, wanampigia fahali wako!"

Baptistin hakusimama. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Odile, umeona?"

"Nimeona. Kamkosa."

"Hakumkosa."

"Baptistin..."

"Vidole vyake. Alivifungua." Akavaa kofia yake polepole. "Alikuwa nayo, akaiachia."

Akaanza kushuka ngazi za mawe huku watu wakimpiga mgongoni, wakimpongeza, na yeye hawaoni. Nami nikaacha mto wangu nikamfuata. Chini kule Flavie alikuwa anampa yule wa Beaucaire kombe na maua, anampa na mabusu ya mashavuni, yale ya kiserikali. Alikuwa anatabasamu. Alidhani ameshinda, maskini.

*

Nyuma ya uwanja, kwenye kivuli cha matao, ndiko malori ya ng'ombe yanakoegeshwa. Nilipofika nahema, Baptistin alikuwa amemshika Nadir kifundo cha mkono. Wachungaji wawili walikuwa wamesimama mbali kidogo, wanatazama viatu vyao.

"Nionyeshe," Baptistin alikuwa anasema. "Nionyeshe kulabu."

Nadir akaufungua mkono. Katikati ya meno ya chuma kulikuwa na uzi mweupe. Baptistin akautoa kwa kucha, akauinua kwenye mwanga.

"Huu ni uzi wa nini?"

"Wa kamba."

"Kamba ya nani?"

"Ya Tamaris."

"Uliishika."

"Niliishika."

"Ukaiachia."

Nilidhani Nadir atasema. Mimi ningesema! Angesema tu, "Binti yako aliniomba," mambo yakaisha. Akanyamaza, jasho linamtiririka, michirizi ya damu kiwikoni.

"Nimekuita mengi," Baptistin akasema. "Nimekuita mwizi wa kuku, nimekuita mkimbia kivuli. Lakini mwongo sijakuita hata siku moja. Fahali yule hajapewa kitu na mtu maisha yake yote. Kila kamba aliyorudi nayo aliipigania. Leo, siku yake ya mwisho, wewe umempa sadaka. Watu wamemlilia kwa sadaka yako! Nitaitundika wapi kamba hiyo? Nitaitazamaje?"

"Mzee, mimi..."

"Usiniite mzee!"

Hapo nikaingia. "Baptistin, si wewe mwenyewe uliyesema mkahawani kwamba akiichukua..."

"Nilisema asikanyage mlangoni kwangu!" akanigeukia. "Nilisema nitamchukia! Ni haki yangu kumchukia! Sikusema asiichukue! Tangu lini mtu akiambiwa atachukiwa anaacha kazi yake?"

Wale wachungaji wawili wakarudi nyuma hatua moja.

"Baba!"

Tukageuka sote. Flavie alikuwa anakuja mbio chini ya matao, bila shaka ameshaambiwa baba yake kamshika nani. Anakimbia, na vazi! Sketi ameikusanya kwa mikono yote miwili, soksi zinaonekana, kitambaa cha bibi yake kimefunguka bega moja, pini zinadondoka kwenye mawe, utepe wa kichwani umelala upande. Nyuma yake watalii walikuwa wameinua simu, wanapiga picha.

"Baba, mwache. Mimi ndiye niliyemwomba."

Baptistin akamtazama kama hajasikia vizuri.

"Nilimwomba asubuhi. Alikataa. Aliniambia namwomba amdanganye fahali, nikamlilia mpaka akakosa raha. Sikujua... sikuelewa, baba. Nilifikiri nakupa kitu. Kumbe nimekuibia. Ukitaka kumfukuza mtu, nifukuze mimi."

"Wewe?" mume wangu akasema. "Wewe, Malkia? Unayefundisha watoto wa shule mila zetu?"

"Mimi."

"Umekimbia."

"Nimekimbia."

"Na vazi."

"Na vazi, baba." Na mbele ya wachungaji, mbele ya hao watu na simu zao, akaushika mkono wa Nadir, ule ule wenye damu, akauweka juu ya kitambaa cheupe cha bibi yake. "Miaka miwili nimetabasamia mji mzima na huyu nampita kama nguzo. Nampenda. Mwezi wa tano nitauvua utepe huu kwa heshima zote, nitaukabidhi kwa mwingine, halafu nitaolewa naye. Ukiwa mlangoni nitafurahi mpaka nife. Usipokuwepo nitalia. Lakini nitaolewa."

Nadir alifumba macho.

Ndani ya lori Tamaris alipiga ubao kwa kwato. Baptistin akaenda akaweka kiganja kwenye mbao, akakaa hivyo, ametugeuzia mgongo. Nilitaka kumfuata. Badala yake nikabaki pale nakusanya pini za binti yangu kiganjani kama mwendawazimu.

Mwisho akasema, bado ametugeuzia mgongo.

"Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali. Shambani kwangu kuna uwanja mdogo wa mbao. Muziki hakuna, watu hakuna. Kamba ile haitoki kwenye pembe mpaka itolewe kwa kweli."

"Baba, hapana," Flavie akasema. "Amechoka. Atamuumiza. Pale hakuna hata daktari..."

"Nilisema siku atakayoichukua kamba hiyo asikanyage mlangoni kwangu," Baptistin akaendelea kana kwamba hajamsikia. Sasa akageuka, akamtazama Nadir usoni. "Nimebadilisha. Asikanyage mlangoni kwangu bila hiyo."

"Na akiikosa?" Flavie akauliza.

"Akiikosa kwa kweli, atarudi keshokutwa. Fahali haendi popote." Akautazama mkono wa kijana ulivyolala juu ya kitambaa cheupe, umekichafua. "Na huyu naona naye haendi popote."

"Nije saa ngapi?" Nadir akauliza.

"Ukiamka."

"Nitakuwa sijalala."

"Basi uje mapema."

*

Jua la Julai halikuwa na haraka ya kulala. Katika mtaa wetu wa Roquette watu walikuwa wameshatoa viti nje, na kila niliyempita alikuwa ameshaona ile picha kwenye simu: Malkia wa Arles anakimbia, soksi nje. Wawili walinipa pole. Mmoja aliniuliza binti anaolewa lini. Nikamwambia mwezi wa tano, nikaendelea na safari yangu.

Nilikuwa napasha sufuria kubwa Baptistin alipoingia jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la nyuma, akaifunua ile ndogo.

"Tumbo lako linaendeleaje?"

"Hivyo hivyo."

"Ile siku niliporudi ghafla kutoka malishoni, tumbo lako lilikuwa limeacha viatu namba arobaini na tatu hapo kwenye ngazi za nyuma." Akafunika sufuria. "Yuko wapi?"

"Yuko nje, barabarani. Umemwambia asikanyage mlango, na anakusikiliza kuliko mimi."

"Ipashe."

Nikaipasha. Nadir alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, wa mbele nawaambieni, mgongo umeelekea nyumba, miguu barabarani. Nilimpa sahani yake, ya ile sufuria ndogo isiyo na divai, akaipokea kwa mikono miwili. Flavie alikuwa amekaa nyuma yake, upande wa ndani wa kizingiti, anajitoa pini moja moja na kuzitupa kwenye kopo. Hawakuwa wamegusana. Walikuwa wanazungumza polepole, sikusikia nini, wala sikujaribu. Sana.

Baptistin akatokea na sahani yake mkono mmoja na kiti mkono mwingine. Akampita binti yake, akavuka kizingiti, akakiweka kiti barabarani, akakaa. Majirani wote wakainamia sahani zao, wakijifanya wanakula.

Alikula kidogo. Kisha akakata kipande cha mkate, akauliza kwa kidevu tu, Nadir akamsogezea sahani, naye akachovya.

Akatafuna kwa muda mrefu.

"Odile!"

"Nipo hapa hapa, unapigia nani kelele?"

"Hii ndogo ni tamu kuliko ile kubwa."

"Ni nyama ile ile."

"Si ile ile. Hii umeipika kwa moyo." Akachovya tena. Akamwambia Nadir, macho yake kwenye mkate: "Anakuja kwa pembe ya kushoto. Siku zote kwanza ya kushoto, halafu anageuza shingo."

"Najua, Mzee," Nadir akasema.

Safari hii mume wangu hakumkataza.